Pancha ya Jumapili

Ukitoka barabara ya Outer Ring ukaingia mtaa wa Umoja kwa miguu, utaona duka la baiskeli lenye milango miwili, na nje yake benchi refu la mbao linalong'aa kwa kukaliwa. Hilo ni langu. Sikurithi, sikupewa. Nilianza na pampu moja na karai la maji ya kutafutia pancha, nimekalia mtungi uliopinduliwa kando ya njia, jua langu na mvua yangu. Shule niliachia darasa la sita, na sijaona bado ilichoninyima. Wengine niliokaa nao dawati moja leo huniletea baiskeli za watoto wao na kuniita mkubwa. Sijivuni. Nasema kilichoko.

Juu ya mlango wa pili nilimwita mchoraji akaniandikia kwa rangi nyekundu: HAPA BAISKELI HAIFI. Maneno ni yangu mwenyewe. Yeye alitaka kuongeza picha ya ua, nikamkataza. Na maneno hayo nimeyasimamia. Nimeletewa baiskeli iliyokanyagwa na lori. Nimeletewa iliyolala mtoni mpaka cheni ikawa udongo. Nimeletewa fremu tupu ya mtu aliyeibiwa kila kitu kingine. Zote ziliondoka hapa magurudumu yakizunguka. Mafundi wa Komarock na Buruburu wakishindwa humwambia mteja, bila kupenda, "Jaribu yule wa Umoja."

Duka langu lina sheria moja. Baiskeli haitoki mpaka mwenyewe aiendeshe mbele yetu hadi kwenye nguzo ya stima, pale anapokaa mama wa mahindi choma, azunguke, arudi. Siijaribu mimi, hapana, mwenyewe. Fundi akiijaribu, baiskeli humtii fundi. Miguu ya mwenyewe ndiyo inayojua kilichobadilika. Sheria hii aliizaa bwana mmoja aliyerudi kwangu akitokwa na povu kwamba nimemharibia breki, kumbe alikuwa amezoea breki mbovu, na hii nzuri ilimrusha. Tangu hapo ni nguzo na kurudi, na walioko kwenye benchi ndio mashahidi.

Hapo ndipo nimewajua watu. Mtu akiwa amesimama anaweza kukudanganya, lakini akipanda baiskeli mbele ya benchi, huwa vile alivyo. Nimeona askari wa lango mwenye sauti ya kutisha akishika usukani kama ameshikishwa mtoto mchanga. Nimemwona baba mmoja wa Komarock aliyemnunulia binti yake baiskeli ndogo ya waridi, akasisitiza kufuata sheria yeye mwenyewe. Magoti yalipanda mpaka masikioni, benchi likamsindikiza kwa makofi hadi kwenye nguzo, naye akarudi na uso wa mtu aliyekumbuka kitu. Alilaza mkono kwenye kile kiti kidogo, ndipo akaifunga juu ya gari. Nimemwona mama wa mboga aliyefundishwa na wajukuu, akafika kwenye nguzo hajui kugeuka, akashuka, akaigeuza kwa mikono kama anageuza ng'ombe, akapanda tena. Tulicheka, ndiyo, lakini yeye ndiye aliyeanza.

Mteja ninayetaka kusimulia habari zake ni mzee wa Buruburu.

Alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Kwao ni magharibi, na watu wa kule hawakuona baiskeli kuwa chombo cha maskini. Ilikuwa heshima ya nyumba. Yake ni ile nyeusi nzito ya kizamani, Black Mamba, aliyoinunua alipoanza kazi. Mkewe alikuwa akikaa nyuma kwenye kerea, kile kibebeo cha mizigo, miguu upande mmoja, mwavuli mkononi, na kila Jumapili wakivuka kuja kanisani huku Umoja. Mkewe alipofariki, kerea ikawa ya kitabu cha nyimbo, kimefungwa ndani ya nailoni na kukazwa kwa utepe wa tyubu. Kanisa hakubadilisha, njia hakubadilisha. Kilichobadilika ni barabara yenyewe. Outer Ring ilipanuliwa, na magari yakaanza kupita pale kama yametupwa.

Yeye huniita kijana. Mimi nina mvi, nina kitambi, nina milango miwili, lakini kwake ni kijana, na sijawahi kumsahihisha.

Jumatatu moja asubuhi alikuja akiikokota.

"Kijana, pedali inacheza."

Niliinama. Kotapini, kile kipini kinachoshika mkono wa pedali, kilikuwa kimekatika. Kazi ndogo. Lakini jicho langu halikomei pale linapoambiwa. Rimu ya mbele ilikuwa imepinda. Usukani ulikuwa umekaa upande. Na kwenye ncha ya pedali ya kushoto kulikuwa na mkwaruzo wa rangi nyeupe, rangi ya gari.

"Mzee, ulianguka?"

"Iliangushwa na upepo. Niliiegemeza vibaya."

"Upepo wa siku hizi una rangi nyeupe?"

Alinitazama, kisha akainua macho kwenye ukuta wangu. "Pale umeandika haifi. Hukuandika kwamba utauliza maswali."

Mtu wa mkate alikuwa kwenye benchi akingoja spoki. Huyu huzungusha mikate mtaani kwa baiskeli yenye sanduku la bati nyuma, na kila akipita kwangu lazima apate sababu ya kukaa. Akacheka. "Mkubwa, hiyo imekuingia."

"Jumamosi, mzee," nikasema. "Utaikuta tayari."

Akaondoka kwa miguu, na ndipo nikaona anavyotembea bila baiskeli. Mkono mmoja ulining'inia kando, vidole vimejikunja, kana kwamba bado umeshika kitu.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, alikuja mama mmoja wa ofisi, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni. Aliiona Black Mamba imetundikwa, akaenda kusimama chini yake.

"Hii ni ya baba yangu," akasema.

"Karibu, dada. Jumamosi itakuwa tayari."

"Ndiyo sababu nimekuja. Sitaki iwe tayari."

Nikamwingiza ndani, mbali na masikio ya benchi. Akanieleza. Sikio la kushoto la mzee limezimika, na hataki lizungumzwe. Juzi Jumapili alirudi kutoka kanisani suruali imepasuka gotini, akasema ni miiba ya ua wa jirani. Binti ndiye aliyemwosha kidonda. Baadaye akasikia kwa mtu aliyekuwa pale. Ni gari dogo jeupe, lilimgusa akivuka Outer Ring. Lilikuwa limepiga honi mpaka likachoka, na mzee hakugeuka.

"Tumemsihi, mimi na kaka zangu. Anasema siku atakapoacha baiskeli ndiyo siku tumemzika. Lakini wewe anakuamini. Anasema Nairobi nzima fundi ni mmoja."

Hapo, sitaficha, kifua kilinipanuka.

"Mwambie imekufa," akaendelea. "Mwambie fremu imekatika ndani na hailehemiki. Atahuzunika, halafu atazoea."

Nikamwuliza, "Dada, umesoma kilichoandikwa pale nje?"

"Nimesoma. Ukuta hupakwa rangi upya. Baba sina mwingine."

Nikatazama nje, mpaka kwenye nguzo ya stima. Mwishowe nikamwambia aje Jumamosi asubuhi, asimame kwenye kibanda cha kutuma pesa ng'ambo ya njia, asiseme neno.

"Ili iweje?"

"Mzee ataenda kwenye nguzo na kurudi, kama kila mtu. Utaona kwa macho yako. Ukiona vibaya, nitamwambia hayo unayotaka nimwambie."

Aliondoka akiwa hajaridhika, nami nikabaki na ahadi iliyokuwa kubwa kuliko mdomo ulioitoa.

Siku zile nilifanya kazi nikiwaza. Nilimwona mzee amekaa kwenye kochi Buruburu, televisheni imewashwa, akingoja kupelekwa kanisani kwa gari na mtu mwenye haraka zake. Nilimwona pia amelala barabarani, kofia huku na yeye kule. Kati ya picha hizo mbili sikupata ya kuchagua. Wazo lingine lilinijia, la kijanja, kwamba niiache legelege kidogo, rimu iyumbe, pedali ilie, mpaka ajichokee mwenyewe. Hakuna ambaye angejua. Nikashika spana nifanye hivyo, na mkono ukagoma. Mkono huu ndio ulionijengea duka. Haujui kufanya kazi mbaya makusudi, na nilikuwa nimechelewa kuufundisha.

Basi nikaitengeneza. Rimu niliinyoosha spoki kwa spoki, mpaka ikizungushwa unadhani imesimama. Kotapini mpya, mipira ya breki mipya, grisi kila panapotaka grisi. Kengele niliifungua, nikaiosha ndani, ikalia sauti ya ujana wake. Ile rangi nyeupe kwenye pedali sikuifuta. Nilimwachia mwenyewe.

Jumamosi alifika mapema, amevaa koti na kofia. Benchi lilikuwa limejaa, mtu wa mkate akiwa kwenye pembe yake. Ng'ambo nikamwona binti, kitambaa kichwani, ametupa mgongo kama mmoja wa walio kwenye foleni.

Mzee alibonyeza tairi kwa kidole gumba. Akapiga kengele, akainamisha kichwa ili sikio la kulia liisikie.

"Umeifufua," akasema.

"Sheria, mzee."

"Naijua sheria."

Alipanda kwa ile namna ya zamani ambayo vijana hawaijui. Mguu mmoja ukawa kwenye pedali, mwingine ukisukuma ardhi, kisha ukapita juu ya kiti bila haraka. Mgongo wima. Nimewaona wengi wakienda kwenye nguzo ile, wenye baiskeli za gia na kofia za plastiki, sijamwona mwingine akienda namna ile. Alifika, akazunguka duara pana, safi, mama wa mahindi akampungia kipepeo chake cha katoni cha kupulizia makaa, naye akaanza kurudi akitabasamu.

Mkokoteni wa maji ulitokea kwenye kichochoro cha kushoto kwake, umejaa mitungi ya njano. Pale pana mteremko, na mkokoteni uliojaa ukiwa kwenye mteremko hausimami kwa kuombwa. Mwenye mkokoteni alipiga mluzi. Akaita, "Mzee, kando. Mzee, we mzee, kando." Mzee akaja vilevile, mgongo wima, uso wa Jumapili. Yule akaona hana lingine, akalalia mpini kwa uzito wake wote, mkokoteni ukageuka ukagonga ukuta, na mitungi ikamwagika njiani ikibingirika, mingine ikipoteza vifuniko na kutapika maji.

Mzee hakujua. Alikuja mpaka mbele ya benchi, akashika breki, akaweka mguu chini.

"Iko vizuri sana," akasema. "Ni kama ile siku nilipo..."

Hapo akaona kwamba hatumtazami yeye. Sote tulikuwa tunatazama nyuma yake. Akageuka, akaona mkokoteni umelalia ukuta, akaona mitungi, akaona maji yakimfuata mpaka kwenye gurudumu.

"Aliniita?"

Wa benchi walitazama viatu vyao. Ikawa juu yangu, kwa kuwa duka ni langu.

"Alipiga mluzi, mzee. Halafu akaita."

"Kutoka upande gani?"

"Kushoto."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa jibu ambalo amekuwa nalo mfukoni siku nyingi.

Binti yake alikuwa ameshavuka njia. Viatu ameviweka kando, anaokota mitungi pamoja na mwenye mkokoteni.

"Na wewe unafanya nini huku?" mzee akauliza.

"Naokota mitungi, Baba."

Mzee aliegemeza baiskeli kwenye benchi, akaenda. Akasimamisha mtungi, akatafuta kifuniko chake, akasimamisha mwingine. Kisha akavua kofia na kumwomba radhi mwenye mkokoteni, radhi kamili, si ile ya kutupa mdomoni.

"Hakuna neno, mzee," yule akasema, akijipangusa maji usoni. "Lakini wewe ukitupigia kengele tunakusikia. Sisi tukikuita, hatukupati."



Mzee akarudi mbele yangu, mikono imelowa, binti nyuma yake.

"Kijana. Niambie mbele ya huyu. Baiskeli iko sawa?"

Binti alinikazia macho. Ahadi ilikuwa ahadi, na alichokiona kilikuwa kibaya cha kutosha. Neno nilikuwa nalo tayari mdomoni: mzee, fremu imekatika ndani. Lingetosha. Lawama ingebebwa na chuma, na chuma hakina uchungu. Labda hata mzee mwenyewe angelipokea kama zawadi, akajifanya ameamini, nami nikajifanya nimeshindwa. Lakini alikuwa ameuliza kama mtu anayemwuliza daktari, na macho yake hayakuwa yanaomba kudanganywa.

"Iko sawa kabisa, mzee," nikasema. "Haijawahi kuwa sawa namna hii."

"Haya." Akapapasa kiti cha ngozi. "Basi si baiskeli."

Akashika usukani, akaondoka akiikokota kuelekea Buruburu. Binti alinitazama, sikujua kama ni kwa hasira au la, kisha akavaa viatu na kumfuata. Nilimwona akimzunguka mzee kwa nyuma, akaenda kutembea upande wake wa kushoto.

Nilidhani nimempoteza mteja. Nilidhani pia ile Black Mamba itaishia uani, kuku wakiilalia.

Jumapili huwa nafungua mpaka saa sita, mke wangu akituombea wote wawili kanisani. Jumapili ile nikaona kwanza kofia, kisha mzee, na kando yake Black Mamba, kitabu cha nyimbo kikiwa kwenye kerea ndani ya nailoni yake. Alikuwa ameipandisha daraja la watu wa miguu na kuishusha upande huu. Hakuwa ameipanda popote. Aliitembeza tu, mkono wake umepata mahali pake, yeye akiiegemea kidogo nayo ikimbeba kidogo.

"Mzee, kulikoni?" mtu wa mkate akauliza kwa sauti. "Leo unaikokota?"

"Pancha," mzee akasema, bila kusimama.

"Pancha, na fundi si huyu hapa?"

"Nimeshamwambia. Anaishughulikia."

Akapita. Benchi zima likanigeukia. Yale matairi niliyajaza kwa mkono wangu, yalikuwa magumu kama jiwe, na mtu mwenye macho angeyaona. Lakini watu hawatazami tairi. Wakiona mtu anakokota baiskeli, wameshajua.

Jumapili iliyofuata, pancha. Iliyofuata tena, pancha. Waliomwuliza sokoni Mutindwa walijibiwa hivyo, na waliomwuliza kwenye lango la kanisa walijibiwa hivyo, na kila aliyejibiwa alitaka kujua fundi wake ni nani. Nikaanza kuyasikia. Mama wa mahindi aliniambia, akigeuza gunzi kwenye makaa, "Kwani hiyo pancha ya mzee imekushinda?" Mteja mmoja wa Komarock, mwenye baiskeli ya gia, alisimama mlangoni, akasoma ukuta, akaniuliza kwa adabu, "Na pancha mnaziba?" Mtu wa mkate alinishauri nimwite mchoraji aongeze mstari, kwamba hapa baiskeli haifi ila inaweza kuugua muda mrefu.

Dawa yake ilikuwa sentensi moja. Mzee haendeshi tena, sikio limekufa. Wote wangeelewa, wangesikitika, na jina langu lingerudi safi. Nami jina langu nalipenda, sitasema uongo. Nimelijenga kwa grisi tangu enzi za mtungi uliopinduliwa. Usiku mmoja mmoja nimelifikiria hilo neno na kulionja. Siku moja binti alipita, akakuta benchi linanitania, akafungua mdomo awaeleze. Nikatingisha kichwa. Akaufunga. Akauliza bei ya kengele ambayo sisi wote wawili tulijua haihitaji, kisha akaniambia, "Asante, fundi," akaenda zake.

Juzi Jumapili mzee alikuja tena kwa mwendo wake uleule. Alipofika sambamba na benchi, nilitoka nje nikiwa na spana isiyokuwa na kazi. Nikapiga goti moja njiani mbele ya watu wote, nikabonyeza tairi la nyuma. Gumu. Nikalizungusha kidogo, nikaweka sikio karibu na vali nikajifanya nasikiliza. Kwenye pedali ya kushoto ile rangi nyeupe bado ilikuwepo.

"Bado inavuja kidogo, mzee," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa mama wa mahindi. "Pancha ngumu hii. Nipe wiki nyingine."

Mzee alikuwa amenielekezea sikio la kulia. Alisikia kila neno.

"Sina haraka, kijana."

Akakaza utepe wa kitabu chake cha nyimbo, akaendelea na njia.

"Mkubwa," akasema mtu wa mkate, akimtazama anavyotokomea, "sasa umezeeka."

"Pengine," nikasema, nikarudi ndani.